Meza ya Rehani

Mama hana kawaida ya kupiga simu. Kwake simu ni ya kupokea tu, tena akipokea huishika mbali na sikio kama vile itamng'ata. Kwa hiyo asubuhi ile nilipoona jina lake kwenye kioo, nikiwa na pasi mkononi na shati la mteja limetandazwa mbele yangu, moyo ulinilipuka kabla hata sijapokea.

"Meza iko tupu," akasema.

"Meza gani?"

"Kwani wewe unaijua nyingine?"

Sikumbuki kuchomoa pasi. Baadaye niliikuta imechomolewa, kwa hiyo ni mimi. Nilifunga duka kwa kufuli, nikatoka na aproni yangu ya udobi na mkono mmoja unachuruzika maji ya wanga. Njia nzima nilikuwa nasema kwa sauti, "Hapana, hapana, hapana," na watu wakinipisha.

Ngoja niieleze hiyo meza, maana mtu wa nje hawezi kuelewa kwa nini meza tupu imtoe mtu mzima kazini mbio.

Mdogo wangu tunamwita Kiberiti. Marehemu baba ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu alikuwa akiguswa kidogo tu, anawaka. Wakati ule tulicheka. Alipovunja ungo, kicheko kikaisha. Asubuhi anakupenda mpaka unaona haya, mchana wewe ndiye adui yake mkubwa duniani, jioni amekushika miguu analia usimwache. Usipopokea simu yake, anapiga mpaka chaji inakwisha. Ukichelewa kurudi, unamkuta ameshajiumiza. Mikono yake ina makovu ambayo mpaka leo siwezi kuyatazama sawasawa. Na kuna mwaka wa vidonge, ambao nyumbani kwetu hautajwi.

Alichokuwa akiogopa ni kimoja tu: kuachwa. Kwake mtu akitoka mlangoni, ametoka moja kwa moja. Hilo nililigundua siku niliyoanza kazi ya kufua, yeye bado yuko shule ya msingi. Alining'ang'ania mlangoni, akapiga mayowe mpaka majirani wakachungulia. Nikavua kiatu kimoja, nikampa. "Kaa nacho," nikamwambia. "Mtu hawezi kukimbia na kiatu kimoja." Nikaenda kazini na ndala za mama. Niliporudi nilimkuta amelala karibu na mlango, kiatu kifuani, ametulia.

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Anayetoka anaacha kitu kwenye kimeza kilicho kando ya mlango: saa, miwani, mtandio, chochote ambacho mwenyewe hawezi kukaa bila. Baba aliiita meza ya rehani. Hata wageni hawakusalimika. Fundi bomba mmoja alitaka kutoka kwenda kununua kipuri, Kiberiti akamzibia mlango mpaka akaacha koleo lake. Alirudi mbio, maskini. Nadhani hajawahi kumaliza kazi upesi vile.

Halafu baba akaugua. Siku aliyopelekwa hospitali alivua kofia yake, akaiweka mezani, akamwambia Kiberiti, "Narudi kuichukua." Hakurudi. Kofia ikabaki pale pale, miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyethubutu kuigusa hata kuikung'uta. Mama akipangusa meza, anaizunguka. Na Kiberiti hakumsamehe baba. Siku ya maziko hakutoa chozi. Alisimama mbele ya kaburi akasema, "Mwongo," kisha akageuka akaenda zake, umati wote ukaduwaa.

Sasa mnaelewa. Meza ile haijawahi kuwa tupu tangu baba afe. Hata sote tukiwa ndani, kofia ilikuwepo.

Habari ya mashine ililetwa na daktari wake, mwanamke mpole asiyepandisha sauti hata umtukane, nami nilishawahi kujaribu. Kwa miaka alikuwa amemweka Kiberiti kwenye mazungumzo na mshauri, na mazungumzo yalisaidia kiasi, lakini moto ulikuwa haujazimika. Siku hiyo alituita sote. Akatuambia ipo mashine ya sumaku inayowekwa juu ya kichwa na kutuma mapigo mafupi kwenye sehemu ya ubongo inayosaidia kushika breki za hisia. Hakuna kupasua, hakuna sindano, mtu anakaa kwenye kiti macho yake wazi.

"Mnataka kumkaanga mwanangu," akasema mama.

"Hapana, mama. Hiyo ya umeme unayoifikiria ni nyingine. Hii hata usingizi hatumpi."

"Na ugonjwa wenyewe unaitwaje? Miaka yote mnasema hisia, hisia."

Daktari akasema ni ugonjwa wa haiba, aina wanayoiita ya mpakani.

"Mpakani wapi?" mama akafoka. "Huyu hata pasipoti hana!"

Kiberiti akacheka mpaka akashika mbavu. Ndiye aliyekubali, siyo sisi. Daktari hakuficha kitu: kwa ugonjwa huu matibabu haya bado yanachunguzwa, wengine wanapata nafuu, wengine hakuna kinachobadilika, na kwa mshauri ataendelea kwenda vilevile. Kisha akatugeukia mimi na mama. "Jambo moja. Akianza kugawa vitu, au akitulia ghafla msijue ametulia kwa nini, msikae mkisubiri. Nipigieni." Mama alirudia maneno hayo njia nzima kama anayekariri sala.

Siku ya kwanza niliingia naye. Mwendesha mashine alikuwa bwana mrefu, mwembamba, mwenye shingo ndefu. Alituambia simu na kadi za benki zibaki nje kwenye kabati, sumaku haina urafiki navyo. Akampa vizibo vya masikio, akamwekea juu ya kichwa kile kifaa chenye umbo la namba nane, akabonyeza. Ta! Kidole gumba cha Kiberiti kikaruka.

Niliruka na mimi. Kidole kiliruka chenyewe, mkono umelala kwenye mto wa kiti, mwenyewe hajakiamuru! Nilipigwa na butwaa, nywele zikanisimama. Yule bwana akaniambia kwa utulivu kwamba ndivyo wanavyopima nguvu inayomfaa kila mtu, baada ya hapo wanasogeza kifaa mbele kidogo na kidole hakitaruka tena. Kiberiti alikuwa anakitazama kidole chake kama mtoto aliyeona kuku anaongea.

"Dada, umeona? Siyo mimi!" akasema. "Siyo mimi niliyefanya!"

Halafu ikaanza ta-ta-ta-ta-ta, kimya, ta-ta-ta-ta-ta, mithili ya ndege kigogota anapogonga mti mkavu. Tangu siku hiyo yule bwana hakuwa na jina jingine. Akawa Kigogota, mbele yake na nyuma yake, na wala hakuchukia.

Wiki za kwanza hatukuona kitu ila maumivu ya kichwa na uchovu. Mama akaanza kusema tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Halafu siku moja nilikuwa dukani nikagundua mtandio wangu uko kichwani. Nilikuwa nimetoka nyumbani bila kuacha kitu. Damu ilinikauka. Nilirudi nyumbani mbio, natweta, nikijua nitakachokikuta. Nilimkuta anaosha vyombo.

"Umesahau nini?" akaniuliza.

"Kuacha mtandio."

Akautazama mtandio, akanitazama mimi. "Haya," akasema, akaendelea na sufuria lake.

Haya! Neno dogo hilo lilinitia hofu kuliko mayowe yote niliyowahi kusikia katika nyumba ile. Usiombe. Mama alinivuta koridoni akaninong'oneza, "Huyu siyo mwanangu. Wamembadilisha." Na mimi nikakasirika, nikakasirikia daktari, mashine, mama, kila mtu. Miaka yote nimefundishwa kuogopa akilia. Sasa nifundishwe tena kuogopa akitulia? Mtu atalala saa ngapi?

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaishi, tunamchungulia msichana aliyetulia kama watu wanaochungulia maziwa jikoni, mpaka asubuhi ile.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, macho kwenye meza. Haikuwa tupu tu. Ilikuwa imepanguswa. Mbao zilikuwa zinang'aa, na mahali pa kofia palikuwa na duara lililokoza rangi kuliko penginepo. Nilikwenda chumbani kwa Kiberiti. Kitanda kimetandikwa, nguo zimekunjwa. Mtu ambaye chumba chake siku zote ni kama soko limevamiwa na mgambo!

"Amekwenda peke yake kwenye mashine," mama akasema. "Leo ni ya mwisho. Alikataa nisimsindikize. Nikaingia kuoga, nikatoka, meza iko hivi. Amebeba mfuko."

Nilipiga simu yake. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Jamani, Kiberiti hupokea simu kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Hajawahi, katika maisha yake, kuacha simu yangu iite. Nilimwinua mama kwa kwapa, tukatoka.

Kliniki tulimkuta Kigogota anafuta kiti kwa dawa. Alipotuona alitabasamu.

"Mmepishana. Amemaliza mapema, ameondoka kitambo."

"Alikuwaje?"

"Mzima kabisa. Ametulia. Amenipa hata zawadi." Akainua mkono, na kwenye kile kifundo chembamba nikaiona bangili ya shanga ya Kiberiti, ambayo havui hata akioga. "Amesema yeye haihitaji tena."

Mama alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Mimi nilichoweza ni kubonyeza simu, kupiga tena, kwa sababu mkono ulikuwa hauna kazi nyingine. Na simu ikalia. Ikalia pale pale, ukutani, ndani ya lile kabati la kuwekea simu. Sote watatu tukageuka. Kabati lilikuwa linatetemeka kidogo kwa mlio na hakuna aliyesogea kulifungua. Nilihisi ni yeye mwenyewe yumo mle ndani, ananiita.

Daktari alitoka ofisini kwake. Alipoona bangili na kusikia simu, uso ulimbadilika. Yule mwanamke asiyepandisha sauti, akapandisha.

"Alisema anakwenda wapi?"

Kigogota alikuwa ameshikilia kitambaa cha kufutia, mdomo wazi. "Alisema... alisema anakwenda kurudisha vitu vya watu."

"Vitu gani?"

Mama ndiye aliyejibu, polepole, kana kwamba anaongea na meza yake. "Ana kofia ya baba yake. Hiyo atamrudishia wapi?"

Daktari alikimbilia simu kuwaita watu wa dharura. Mimi nilimshika mama mkono, tukakodi teksi, tukaenda makaburini.

Sitaeleza safari ile. Nitasema tu kwamba nilimtukana Mungu kisha nikamwomba, zaidi ya mara moja, na dereva alizima redio bila kuambiwa. Tulifika. Tulikimbia kati ya makaburi, mama akianguka na kuinuka, tukifikiria kila kivuli ni yeye. Kwenye kaburi la baba hapakuwa na mtu. Hapakuwa na kofia. Majani yalikuwa yamelala vilevile, hakuna aliyeyakanyaga.

Hapo ndipo simu yangu ilipolia. Alikuwa fundi viatu, jirani yangu wa upande wa pili wa barabara ya dukani.

"Dobi, wewe vipi? Unafunga duka kweupe halafu mteja wako amekaa juani saa zote hizi?"

"Mteja gani?"

"Huyu msichana mwenye mfuko. Nimemwambia aje baadaye, hataki. Anasema atakusubiri."

Tulimkuta amekaa kwenye ngazi ya duka langu, mfuko magotini, anakula karanga. Nilishuka kwenye teksi kabla haijasimama vizuri. Nilimkamata mabega nikamtikisa mpaka karanga zikamwagika barabarani.

"Ulikuwa wapi wewe? Unajua tumetoka wapi? Makaburini! Tumetoka kukutafuta makaburini!"

"Makaburini?" Alitoa macho. "Kufanya nini?"

"Simu yako iko wapi?"

Akajipapasa. "Ah! Nimeisahau kwa Kigogota." Halafu akanitazama usoni, akamtazama mama aliyekuwa ameshikilia mlango wa teksi asianguke, na nikaona anaelewa. Alielewa yote kwa mpigo mmoja, meza, bangili, kofia. Nilisubiri awake. Miaka yote nilijua hatua zake, kwanza anakunja ngumi, kisha shingo inasimama mishipa. Alikunja ngumi. Akafumba macho, akavuta pumzi, akaitoa. Ngumi ikafunguka.

"Samahani, dada," akasema. "Nimekuja nikakuta umefunga. Nikasema nikusubiri."

"Tangu asubuhi?"

"Ndiyo."

"Sikuacha kitu. Sikuacha hata ujumbe."

"Najua."

"Sasa umekaaje hapa muda wote huo?"

Alishangaa mimi kushangaa. "Si nilijua utarudi."

Nilikaa chini. Nilikaa palepale kwenye zile karanga, aproni na yote. Ni maneno ambayo mtoto yeyote wa miaka mitatu huyasema akiachwa na mama yake kidogo. Katika nyumba yetu yalikuwa hayajawahi kusemwa, na yaliposemwa nilijikuta nalia kama mtu aliyepigwa.

Alifungua mfuko akanionyesha vitu vilivyowahi kuwekwa rehani vikasahaulika nyumbani. Mtandio wangu wa zamani, miwani ya mama iliyovunjika mkono, saa isiyotembea, soksi ambayo hata mwenyewe hatumjui. "Vimejaa vumbi vyote," akasema. "Nikasema vifuliwe, kila mtu apewe chake. Wewe si dobi?" Na chini kabisa, imefungwa kwenye taulo safi, kofia ya baba.

Mama alimrukia. "Nani kakutuma uiguse?"

"Mama, ona. Imeingia wadudu."

"Baba yako alisema atarudi kuichukua!"

"Najua alisema." Sauti ya Kiberiti ilitetemeka, lakini haikupanda. "Mama, baba hakutukimbia. Alikufa. Alitaka kurudi, akafa. Nimemwita mwongo miaka yote, na hakuwa mwongo."

Ndipo akalia. Alilia kilio ambacho hakukilia siku ya maziko, kichwa begani kwa mama, kofia katikati yao, na fundi viatu akajifanya ana kazi nyingi sana na soli moja. Na kilio kile kilikuwa na mwanzo na kilikuwa na mwisho. Alijifuta, akapenga kamasi, akaniuliza kama kofia ile inafuliwa kwa maji moto au baridi.

Nilimpigia daktari. Nikasikia anavuta kiti, anakaa. Kisha akanionya nisiende kutangaza kwamba mashine imemponya, kwa sababu yeye mwenyewe hajui ni mashine kiasi gani, mshauri kiasi gani, na Kiberiti mwenyewe kiasi gani, wala hajui itadumu mpaka lini. Nami sitangazi. Wiki iliyofuata Kiberiti alirusha sahani ukutani. Ila vigae aliviokota mwenyewe.

Jioni ile tulirudi nyumbani tukakaa, mimi na mama tukiitazama meza tupu kama watu walioibiwa. Kiberiti alitoka chumbani, akasema anakwenda dukani kununua mkate. Akashika kitasa.

"Acha kitu!"

Nilitazama nani amesema. Mama alikuwa amefumba mdomo. Ni mimi. Nilikuwa nimesimama wima, mkono nimeunyoosha, na sauti iliyonitoka ilikuwa ile ile ya mtoto aliyening'ang'ania mlangoni zamani. Nilihisi uso unanichoma. Nilitaka kusema nimetania, lakini ulimi haukukubali, na mkono haukushuka.

Kiberiti alinitazama. Hakucheka. Aliinama, akavua kiatu kimoja, akaja akakiweka mkononi mwangu, akanifunga vidole juu yake.

"Kaa nacho," akasema. "Mtu hawezi kukimbia na kiatu kimoja."

Akavaa ndala za mama, akatoka. Nilibaki nimekaa na kiatu mapajani, mama amenisogelea, tunasikiliza ndala zinavyokwenda mpaka zikaacha kusikika.